Hewa Isiyooshwa

Niliishia pale niliposoma swali la mchezaji anayejiita Koleo, mikono ikaniganda juu ya meza. Kwa aliyenikosa wiki hiyo nitaeleza upesi, kwa sababu aibu hii nikiieleza polepole nitashindwa kuimaliza.

Kazi yangu ni kubuni bidhaa. Ofisi yetu ya watu sita na kiyoyozi kibovu inatengeneza mchezo wa kompyuta na simu ambamo wachezaji wanatawala sayari, wanajenga koloni na kutuma meli za angani huku na huko. Wenzangu wanachora meli na vita. Mimi ni mtu wa sokoni. Madini, barafu, mbegu, dawa, chochote kinachochimbwa, kusindikwa na kuuzwa kati ya nyota na nyota, jina na uzito wake nimevipanga mimi.

Kila bidhaa ina kadi, na kila kadi ina maswali matatu. Inatoka wapi? Nani anaihitaji? Inaharibikaje? Mkuu wetu tunamwita Mizani, maana haipiti siku bila kulalamika kwamba kitu fulani kimezidi upande mmoja. Mizani analipenda swali la tatu. Husema bidhaa isiyo na kasoro ni pambo tu, hakuna atakayeigombania.

Sasa mimi niliishiwa kasoro. Bidhaa thelathini na moja nilikuwa nimezibuni, na zote zinaoza, zinavuja au zinalipuka. Ya thelathini na mbili nikamwibia kaka yangu.

Kaka ni muosha mitungi na mpaka rangi katika kiwanda cha kujaza gesi. Siku moja tukila kwake alinisimulia, sauti chini, kwamba mtungi uliotoka karakana za kuchomelea vyuma hautakiwi kwenda hospitali mpaka uoshwe ndani, ukaushwe na kupimwa. Oda zikizidi, msimamizi wao anaruka hayo yote. Mtungi unapakwa rangi nyeupe, unajazwa hewa ya wagonjwa, unaondoka na mabaki yake tumboni. Kwa nje huwezi kuutofautisha na mwenzake. Ila una nukta ya kijani chini ya valvu, ndogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Akaniapisha nisimwambie mtu. Nikaapa huku natafuna.

Wiki mbili baadaye nikaandika kadi ya Hewa Isiyooshwa. Rahisi kuliko hewa safi, koloni maskini zinaikimbilia, mtungi mmoja kati ya mitano unawalaza mabaharia usingizi wasiamke. Mnunuzi mjanja ataijua kwa nukta ya kijani chini ya valvu.

Wachezaji walipagawa nayo. Mizani alinisifu mbele ya wenzangu na mimi nikatabasamu. Kisha Koleo, mchezaji wa siku nyingi asiyepigana na mtu, kazi yake kuuza maji na hewa tu, akaniandikia mstari mmoja: “Nani alikwambia habari za nukta ya kijani?”

Hapo ndipo mliponiacha.

Nilifanya alichofanya kila mwoga tangu dunia iumbwe. Nilifunga mlango. Sisi wabunifu tunaruhusiwa kugandisha akaunti ya mchezaji mkorofi. Akiendelea kuandika, maneno yake yanazuiliwa pembeni mpaka afunguliwe. Kompyuta inadai sababu. Nikaandika “vitisho”, nikabonyeza. Koleo hakunitishia hata kidogo. Aliniuliza swali.

Lakini usingizi ulikataa kuja, kwa hiyo Jumamosi mchana nikaenda kwa Kaka kuungama.

Nilimkuta anapiga pasi ovaroli yake ya kazi. Wifi alikuwa dirishani anashona pindo la shuka, akaniangalia kuanzia juu hadi chini.

“Wifi, umekonda hivyo, kwani kwenye sayari zako hakuna wapishi?”

Siku nyingine ningemjibu, tena ningemshinda. Siku hiyo nilikaa kwenye kigoda kama mtoto aliyevunja sahani, nikaeleza mchezo, kadi na swali la Koleo. Nilitarajia Kaka anifokee. Hakufoka. Alisimamisha pasi wima, akaichomoa.

“Umeiweka na nukta?” akauliza.

“Nimeiweka.”

“Ya kijani?”

“Ya kijani, Kaka.”

“Chini ya valvu?”

Nikaitikia kwa kichwa. Akakaa juu ya kitanda, ovaroli magotini.

“Kitinda,” akasema, anavyoniita kwa kuwa mimi ndiye wa mwisho kuzaliwa kwetu, “ile nukta si ya kiwanda. Ni yangu.”

Mimi siku zote nilidhani ni alama ya kiwandani, ya wote wanaojua. Kumbe ni siri ya mtu mmoja na njiti yake ya kiberiti. Kaka alieleza kwamba muosha mitungi aliyekuwepo kabla yake alikwenda kwa msimamizi kulalamika kwa heshima zote, akafukuzwa siku hiyohiyo, na baada ya wiki akaokotwa njiani amevunjwa mikono yote miwili. Kaka akaogopa kusema. Lakini akashindwa pia kunyamaza. Akaanza kutia nukta, bila kujua ataiona nani.

Mwezi wa tatu mitungi ikaanza kurudi. Imefungwa kikaratasi kinachosema “valvu mbovu”, na valvu ni nzima kabisa. Kila uliorudi ulikuwa na nukta. Hakuna uliorudi bila nukta. Kaka akajua kwamba upande wa pili, katika hospitali mojawapo, kuna mtu amefumbua maana ya nukta. Hawajawahi kuonana. Hajui kama ni mwanamume au mwanamke. Miaka miwili wanazungumza kwa nukta na vikaratasi, na kila kikaratasi kinachorudi ni mgonjwa ambaye hakuvuta uchafu.

Wifi alikuwa ameacha kushona. Sindano ilikuwa hewani.

“Miaka miwili nalala na wewe kitanda kimoja,” akasema, “nikidhani unachowaza ni kodi ya nyumba.”

Akamwambia aache kazi, Jumatatu asiende. Kaka akakataa. Alisema akikosa kazini siku ile ni sawa na kuandika jina lake ukutani, na isitoshe, asipokuwepo nani atatia nukta? Mimi nikaapa tena, safari hii mdomo mtupu, kwamba Jumatatu asubuhi, ofisi ikifunguliwa tu, naifuta bidhaa ile kabla ya jambo lingine lolote.

Maji yakimwagika hayazoleki, na yangu yalikuwa yamemwagika tangu Ijumaa.

Jumatatu saa mbili na robo, kompyuta haijamaliza hata kuwaka, Kaka akanipigia simu. Alikuwa amejifungia chooni kiwandani. Alikuwa ananong’ona kwa haraka, na nyuma yake nikisikia bomba linavuja.

Dereva wa lori anacheza mchezo wetu. Anacheza akisubiri zamu ya kupakia. Ijumaa jioni alikuwa anawachekesha wapakiaji, anawaambia huku angani nako kuna watu wanapakiza mitungi michafu, tena ina nukta ya kijani. Msimamizi alikuwa anapita. Akaomba kuonyeshwa. Akasoma kadi yangu neno kwa neno, akarudisha simu kwa asante, kisha akainama chini ya valvu ya mtungi wa karibu.

“Leo alfajiri ametupanga wapaka rangi wote wawili,” Kaka akasema. “Katupa msasa na brashi. Shingo za mitungi yote arobaini tuzikwangue mpaka chuma kionekane, halafu tupake upya. Yeye amesimama nyuma yetu, haongei, anatuangalia mikono.”

“Ukafanya?”

“Nikafanya. Nimezifuta kwa mkono wangu mwenyewe, Kitinda. Mkono haukutetemeka, Mungu tu ndiye anajua nilivyouzuia. Mibaya ni tisa. Imeondoka na lori saa moja na nusu.”

Nikamuuliza imekwenda wapi. Hajui. Kiwanda kinahudumia hospitali saba, na karatasi ya safari anapewa dereva langoni. Lakini akasema mitungi hiyo tisa anaijua. Kila mtungi una namba iliyogongwa kwenye bega, na namba hizo tisa zote zipo kichwani mwake, kwa sababu yeye ndiye aliyeinyima maji.

“Nitajie niandike,” nikasema, kalamu mkononi.

Nikasikia mlango unagongwa, si kwa nguvu, mara mbili tu. Kaka akasema, “Mtafute yule wa hospitali,” na simu ikakatika.

Mtafute yule wa hospitali. Hospitali saba, mtu asiye na jina, na muda unakwenda. Niliogopa kwa ajili ya Kaka, niliogopa kwa ajili ya watu nisiowajua wanaovuta hewa kupitia barakoa, na nitasema kweli, niliogopa pia kwa ajili yangu, kwa sababu kadi ile ina jina langu chini yake.

Nikapiga hospitali ya kwanza. Wakaniambia nisubiri, wakaniwekea muziki, muziki ukaisha, simu ikafa. Nikapiga ya pili, akapokea binti mwenye sauti changamfu. Nikamwambia wasitumie mitungi iliyofika leo, ndani kuna hewa ya mitungi isiyooshwa.

“Hewa isiyooshwa?” Akacheka. “Dada, hata mimi naucheza huo mchezo. Tuachieni laini, kuna watu wana shida kweli.”

Akakata.

Jambo la kweli nilikuwa nimeligeuza kitu cha kuchekesha, na sasa hata nikilipigia kelele, watu watacheka. Nilijikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe, na humo kikaangoni nikamvuta na kaka yangu.

Ndipo akili ikanirudia, kwa kuchelewa kama kawaida yake. Nani angeuliza habari za nukta? Kama ni mtu wa kiwandani asingeuliza, angeinama akaitafuta, kama alivyofanya msimamizi. Anayeuliza ni mtu anayeijua tayari. Na katika dunia hii wanaoijua walikuwa wawili, kabla mimi sijaingiza mdomo wangu.

Koleo. Yule niliyemfungia mlango.

Kugandisha akaunti anaweza mbunifu mmoja. Kuifungua kunahitaji wawili, aliyefunga na mkuu, kila mmoja na nywila yake. Mizani aliiweka kanuni hiyo ili tusiwafungie watu kwa hasira na kuwafungulia kwa huruma. Nikamfuata mezani kwake. Alikuwa anakunywa chai na kusoma ripoti, akafungua kumbukumbu za akaunti ile kabla hajaweka nywila.

“Umeandika vitisho. Alikutishia nini?”

“Hakunitishia.”

“Basi kwa nini umemfungia?”

Nikamwambia. Yote, nimesimama, watu wanne wananisikia. Nilipofika kwenye lori Mizani aliweka kikombe chini, hakukitazama tena.

“Kwa hiyo kadi ile ni kiwanda cha kweli,” akasema taratibu, “na mimi nikakupigia makofi.” Akaandika nywila, akaikosea, akaandika tena.

Akaunti ikafunguka. Ujumbe uliokuwa umezuiliwa ukamiminika kwenye kioo changu, mmoja baada ya mwingine.

Wa Ijumaa: “Samahani kama nimekutisha. Siulizi kwa ubaya.”

Wa Jumamosi: “Mimi ni fundi wa hewa hospitalini. Mitungi yenye nukta naiweka kando, mwaka wa pili huu. Simjui anayenitilia alama hiyo. Kama wewe unamjua, mpe shukrani zangu. Na tafadhali ifute ile bidhaa kabla wenye kiwanda hawajaiona.”

Nilisoma huku nimejiziba mdomo. Siku nzima ya Jumamosi, nilipokuwa nimekaa kwenye kigoda cha Kaka nikiungama, dawa ilikuwa imelala ofisini kwangu na mimi ndiye niliyeifungia.

Wa tatu ulikuwa wa leo, nusu saa iliyopita: “Lori limefika, mitungi arobaini. Nimeikagua yote, hakuna hata mmoja wenye nukta. Nimefurahi sana. Nadhani hatimaye wameacha.”

Nikaandika: “Usiunganishe hata mmoja. Nukta zimefutwa. Mibaya ni tisa.”

Alikuwepo. Nikaona vidoti vya mtu anayeandika vinatembea, vinasimama, vinatembea tena.

“Nimeshaunganisha sita,” akajibu. “Akiba ya zamani imeisha asubuhi hii, lori lilichelewa siku mbili. Nina watu kumi na mmoja wanaovuta kwenye bomba hilo. Siwezi kuizima yote, watakatika pumzi. Nitajie mibaya niibadilishe. Namba ziko begani, nimesimama hapa.”

Nikamwambia asubiri. Mizani alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono mmoja umekamata kiti changu. Nikampigia Kaka. Iliita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ikapokewa, na mimi kwa furaha sikungoja hata salamu.

“Kaka, nimempata! Ameshaunganisha sita. Nitajie zile namba tisa, upesi.”

Nilisikia mashine ya kujazia inavuma. Bomba la chooni halikusikika tena.

“Namba zipi hizo, binti?”

Sauti ilikuwa ya mtu mzima, tulivu, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Nikasema samahani, nimekosea namba.

“Umekosea namba, lakini umemwita kaka,” akasema. “Hujakosea. Yuko hapa mbele yangu, hajaguswa. Tangu atoke chooni namuuliza ni nani anayempokelea huko hospitali, ameng’ang’ania hamjui. Nilikuwa karibu kumwamini. Sasa wewe unasema umempata.”

Nikatazama kioo. Koleo alikuwa ameandika: “Upo? Mmoja hapa midomo imeanza kubadilika rangi.”

Miaka mitano nimekaa kwenye meza ile nikipanga kitu gani kinabadilishwa kwa kitu gani. Koloni ikikosa hewa itatoa nini? Mtu akishikwa koo atauza nini? Niliyapanga nikiwa na biskuti mdomoni. Sasa mbele yangu kulikuwa na namba tisa upande mmoja, na upande wa pili mtu mmoja aliyewaokoa watu kimya kimya kwa miaka miwili, na mwenye duka ni mimi. Jina lake halisi silijui. Lakini msimamizi hakujua kwamba silijui.

Mizani alinong’ona, “Usimpe.” Nikamwonyesha kioo. Akausoma ujumbe wa Koleo.

“Nataka namba tisa,” nikasema kwenye simu, na sauti iliyotoka sikuitambua. “Mpe kaka yangu simu azitaje zote, mimi naandika. Akimaliza, nakutajia mtu wako.”

Mashine ikavuma. Kwa mbali nikamsikia Kaka anasema hapana, hapana, mara mbili, kisha kitu kikaanguka sakafuni.

Msimamizi akarudi kwenye simu, hajapandisha sauti hata kidogo.

“Anza wewe,” akasema.